Siku Mama Furaha Alipoacha Kulalamika

Asubuhi ile nilitoka Hillbrow, katikati ya Johannesburg, bila kujua niendako. Begi mgongoni, chupa ya chai mkononi, kanga mbili, basi. Lifti ya jumba letu ilikuwa imekufa siku nyingi, nikashuka ngazi zote kwa miguu. Mlinzi wa mlangoni, kijana wa Kikongo mwenye goti bovu na kicheko kisichokwisha, akaniuliza, "Mama Tanga, unahama?"

"Natembea tu."

"Na sufuria?"

Kweli, sufuria ilikuwa ikining'inia begini. Nikamwambia sufuria nayo imechoka kukaa ndani.

Ninyi mnaotaka kujifunza kuchua watu mmeniuliza nilianzaje, nami nimeanza hapo kwa sababu sina pengine pa kuanzia. Maisha yangu yote yamekwenda hivyo. Shule niliiacha darasa la tano, siku nilipodandia lori tupu lililokuwa likirudi mashambani kuchukua mkonge. Nilitaka tu kuona barabara inaishia wapi. Haikuisha. Nimeuza vitumbua, nimefua nguo za watu, nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, na kila mahali nikiona mtu anafanya kitu nisichokijua nasimama kutazama mpaka anifukuze au anipe kazi. Mwaka 2015 ndio nilikuwa Johannesburg, na asubuhi ile kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimepwita usiku kucha. Nilipoamka nikaona bora nitembee. Wakati huo sikuona kama mambo hayo mawili yana undugu.

Nilitembea mpaka Bellevue. Kwenye barabara moja ya nyumba za zamani, zile zilizokatwa vyumba vyumba, kulikuwa na saluni ya kusuka, na nyuma ya saluni mlango uko wazi. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka humo kama mtu anayepigana na mwizi.

"Ile mikono yako iko baridi kama samaki ya frigo! Na hii kitanda, nani alitengeneza hii kitanda? Adui yangu?"

"Ni fundi, mama," mwanamume akamjibu taratibu. "Adui yako alitengeneza ile kiti ya cherehani yako."

Nilichungulia. Mwanamke alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi refu lililofunikwa shuka, na mzee mwembamba mwenye miwani alikuwa anamkanda kiuno. Mzee akaniona.

"Weye, unaona sinema? Ingia ushike huu muguu."

Nikaingia, nikashika. Huyo mzee ndiye Papa Kine. Jina hilo alipewa na Wakongo wenzake, kwa sababu kwao Lubumbashi alikuwa msaidizi katika wodi ya kunyoosha viungo, na kazi hiyo kwa Kifaransa chao wanaikata wanasema "kine". Nikamwambia kuchua nakujua, bibi yangu Tanga alinifundisha kukanda wanawake waliojifungua.

"Vizuri. Basi huyu ni mutu gani?"

"Ni mgonjwa wa mgongo."

"Siulizi mugongo. Nauliza mutu."

Nikafikiri kidogo. "Ni mlalamishi."

Mwanamke akainua kichwa kutoka kwenye benchi. "Nani mulalamishi?"

"Umepata kazi," Papa Kine akaniambia.

Yule alikuwa Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu. Mgongo ulimuuma miaka mingi kabla sijamjua, na alikuwa akija kwetu kila wiki. Binti yake aliitwa Furaha, na watu wa mtaani walisema mama alimpa mtoto furaha yote, yeye akabaki na jina tu.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo. Kabla ya mkono kuna swali, na swali la Papa Kine lilikuwa moja: "Inafanya nini?" Hakuuliza kama inauma. Mtu asiyeumwa hawezi kuja kulala juu ya benchi lile. Aliuliza maumivu yanafanya nini, na hapo ndipo nilipojua kwamba Kiswahili chetu kina utajiri. Kichwa kinawanga. Jipu linapwita. Tumbo linakata au linanyonga. Kidonda kinachonyota. Mbavu zinachoma. Mguu unavuta, unawaka, unatambaa kama una sisimizi. Kila neno lina mkono wake. Kinachovuta utakikanda polepole kwa kiganja. Kinachowaka usikisugue, utakichochea. Kinachotambaa kama sisimizi kiogope, na ukisikia neno ganzi weka mafuta chini kabisa, ondoa mikono yako.

Swali la pili lilikuwa lile aliloniuliza siku ya kwanza, ni mtu gani. Hili lilinisumbua, maana nilidhani anataka niwapange watu kama nyanya sokoni. Nikawapanga. Kuna wanaocheka, kama yule mlinzi wa Hillbrow niliyemleta mwenyewe baadaye. Ukimgusa goti anakusimulia kichekesho, na kadiri unavyokaribia panapouma ndivyo kichekesho kinavyokuwa kirefu. Kuna wanaoomba radhi, utafikiri mgongo wao umekukosea wewe. Kuna fundi viatu mmoja ambaye akizidiwa alikuwa anapanga vitu: alifika, akapanga viatu vya watu wote mlangoni, akapanga chupa zangu za mafuta, ndipo akalala. Na kuna Mama Furaha.

Nikamwambia Papa Kine, nimeelewa, maumivu yanaharibu tabia ya mtu.

"Hapana," akasema. "Maumivu ni muzigo. Mutu mwingine anabeba kwa kichwa, mwingine kwa mugongo, mwingine anakokota chini. Usimucheke namna anabeba. Umujue namna anabeba. Halafu siku moja amebadilisha, hapo uogope."

Niliandika maneno hayo moyoni lakini sikuyaelewa. Yaliniingia polepole, na aliyeanza kunifundisha ni Bwana Khamis.

Bwana Khamis alikuwa Mzanzibari, muuza viungo, ana gari dogo la kubebea mizigo na shingo ngumu kama mti. Adabu yake ilikuwa haimruhusu kusema "unaniumiza". Nilibonyeza, akasema, "Alhamdulillahi." Nikabonyeza zaidi, "Alhamdulilla-a-ahi." Nikafurahi, nikajua mtu anapata nafuu, nikaweka uzito wangu wote. "Alhamdulillaaaaaahi," akasema, na machozi yakadondoka kwenye shuka. Kesho yake alipita kwetu akiwa anatazama upande mmoja tu, kama mtu anayemvizia mdeni wake. Papa Kine alicheka mpaka akavua miwani.

"Sikiya ile lamu, ile 'la' ya Alhamdulillahi," akaniambia. "Ikikuwa fupi, endelea. Ikikuwa refu, toa mukono."

Tangu siku hiyo nilimchua Bwana Khamis kwa kusikiliza lamu, na shingo yake ikalainika.

Naye Papa Kine alinisoma mimi pia. Nilikuwa nikificha gumba langu; nikizidiwa nabadilisha, natumia kiwiko. Akaniuliza mara moja, "Hiyo kidole inafanya nini?" Nikamjibu haifanyi kitu. Wiki ile nikafunga begi nikaenda Pretoria bila sababu yoyote, nikakaa siku chache, nikarudi. Hakuniuliza tena.

Halafu akaondoka yeye. Dada yake alifariki Lubumbashi, akaenda kuzika, na huko familia ikamshika. Alinipigia simu akasema benchi ni langu. Vijana, watu wanafikiri kuachiwa kazi ni heshima. Mimi niliogopa vibaya sana. Kuwa na mwalimu nyuma yako ni kama kuwa na ukuta, ukikosea unaegemea. Sasa kila mgongo ulikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nikigusa uti wa mgongo wa mtu nasikia moyo wangu kwenye vidole. Ndani ya mifupa ile kuna kamba ya uhai, na mimi ni mwanamke wa darasa la tano mwenye gumba bovu. Usiku nilikuwa nawaza: je, kama kuna mtu ataingia hapa kwa miguu yake, kisha asitoke kwa miguu yake?

Miaka ikaenda hivyo, nikiwa na hofu na kazi. Mama Furaha hakukosa wiki. Alilalamikia mafuta (yananuka), mto (umekonda), mvua, bei ya uzi, mimi, na zaidi ya yote alimlalamikia binti yake. Furaha alikuwa msichana mkubwa sasa, mzaliwa wa Johannesburg, Kiswahili anakisikia lakini anakizungumza kwa kukiokota. Alikuwa anamleta mama kwa mkono na kusimama mlangoni akisikiliza matusi yake ya wiki. Siku moja aliniuliza, "Mama Tanga, kabla ya mgongo, mama alikuwa nice?"

Mimi nilimkuta Mama Furaha na mgongo wake wamekwisha oana.

Sasa nawapeleka kwenye ile siku. Ilikuwa 2019, siku zile mji ulipochafuka, wageni tukishambuliwa. Maduka yalikuwa yamefungwa, moshi unaonekana upande wa mjini, teksi hazipiti, na watu wa kwetu wamejifungia ndani, wanatumiana habari kwenye simu, za kweli na za uongo pamoja. Tuliambiana tusizungumze lugha zetu barabarani. Saluni ilikuwa imefungwa, nami sikuchua mtu. Asubuhi saa nne Furaha akanigongea pale nyuma ya saluni, nilikokuwa nalala siku hizo, amekuja mbio kutoka mtaa wa tatu, na anacheka.

"Mama Tanga, njoo uone! Mama amepona. Anasema imelala. Eish, hatimaye imelala!"

"Nini kimelala?"

"Maumivu! Amesema imelala. Ameamka anaimba. Na ameniita mpenzi. Mama Tanga, hajawahi kuniita mpenzi."

Nilisimama pale mlangoni nikaogopa. Nitawaeleza kwa nini, na mtaona kwamba maisha ya mtu yanaweza kuning'inia kwenye herufi moja.

Sisi watu wa pwani tukisema maumivu, tunasema yamelala. Maumivu *ya*melala. Lakini miguu, miguu *i*melala. Wakongo hawana shida hiyo. Kwao kila kitu ni "i": nyumba iko, kitu iko, maumivu iko. Furaha, mtoto wa Kikongo, alisikia "imelala" akaelewa maumivu. Labda ndivyo mama yake alivyomaanisha. Lakini sikio langu la Tanga lilisikia miguu. Na nyuma ya miguu nikasikia sauti ya Papa Kine: siku amebadilisha, hapo uogope.

Nilivaa viatu bila kufunga kamba. Tulikwenda tumeinamisha vichwa, hatusemi neno, barabara tupu kabisa. Bellevue isiyo na kelele inatisha kuliko yenye fujo.

Mama Furaha alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitambaa kizuri kichwani, anatabasamu. Miaka minne sikuwahi kuyaona meno yake ya juu.

"Karibu, dada yangu," akasema. "Kaa. Furaha, mpenzi, mupatie Mama Tanga chai. Pole na kazi yote unanifanyia."

Naapa, kama angenitukana ningepiga magoti kwa shukrani. Nikaketi karibu naye.

"Mama Furaha, nini imelala?" Nilimwuliza kwa Kiswahili cha kwao, ili asikwepe.

"Yote. Mugongo imelala. Tangu jana magaribi."

"Na miguu?"

"Na miguu." Akacheka. "Yote imepumuzika. Mungu ameona."

Nikachukua pamba kwenye mfuko wangu. Nikamwambia afumbe macho aniambie nikimgusa. Nikapitisha pamba juu ya goti. Kimya. Juu ya paja kwa ndani. Kimya. Nikaiweka pamba kando, nikafinya kwa kucha. Akaendelea kutabasamu huku amefumba macho, akasema, "Anza basi."

Furaha akaona. Akaweka chai chini.

Nikamwuliza mama swali ambalo nawaomba msione haya kamwe kuliuliza, hata kwa mkweo. Nikamwuliza kama amekwenda haja ndogo. Akafikiri. Akasema hajui. Akashika shuka chini yake, akatazama mkono wake umelowa, na kwa mara ya kwanza tabasamu likapungua.

"Twende hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Leo?" Furaha akaruka. "Leo unaona kuko vipi nje? Watatuua, Mama Tanga! Kesho, kukitulia."

"Kesho miguu haitakuwepo."

Mama Furaha akanishika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alizungumza polepole kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Mama Tanga, sikiya. Miaka yote niko napigana na huyu nyama, huyu simba, kwa mugongo. Leo ameniacha. Nimeamka nimesikia ndege inje. Nimeona mutoto wangu uso. Weye unataka kunirudishia?"

Sikuweza kumwambia hapana, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilitaka kumrudishia. Nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote aumwe tena.

Nikamtazama binti. Alikuwa analia bila sauti. Niliona anachokipima: mama mpole asiyetembea, au mama wa jana. Nikasema, "Furaha, mimi siwezi kukuamulia. Lakini mama anayekuita mpenzi hajisikii mwili wake nusu. Huyu si mtu aliyepona. Ni mtu anayeondoka kidogo kidogo."

Furaha akafuta uso kwa mkono wa sweta yake, akasema, "Bwana Khamis ana gari."

Bwana Khamis alikuja. Hakusema kama anaogopa, adabu haikumruhusu. Tulimlaza Mama Furaha nyuma katikati ya magunia ya mdalasini na bizari, kwenye ubao ili mgongo usipinde, Furaha akiwa amemshika kichwa, mimi mbele. Na hapo ndipo elimu yangu ya lamu iliponifaa kwa njia nisiyoitaka. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huko, ilikuwa nyekundu. "Alhamdulillahi," akasema Bwana Khamis, fupi. Nikapumua. Kwenye ya pili kulikuwa na tairi zinawaka pembeni na vijana wamesimama. "Alhamdulilla-a-ahi." Nikashikilia kiti. Mbele yake kundi lilikuwa limeziba nusu ya barabara, na mmoja akatembea kuja kwetu, ana fimbo, anatazama ndani ya gari. Bwana Khamis akafungua mdomo, na lamu ikawa ndefu hata nikadhani haitakuwa na mwisho.

Furaha akateremsha kioo cha nyuma. Akazungumza Kizulu, Kizulu cha mtaani, cha mtu aliyezaliwa hapa, kwa sauti ya mwalimu anayegombeza darasa. Nililishika neno moja tu, umama, yaani mama. Kijana akachungulia, akamwona mwanamke amelala kati ya magunia, na Mama Furaha akamtabasamia kwa upole kabisa. Yule kijana akarudi nyuma, akapiga paa la gari mara mbili. Pita.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Khamis. Fupi.

Hospitali ilikuwa imejaa watu wa siku ile, damu na vilio. Muuguzi wa mapokezi alipita akitazama nani anaumwa zaidi. Alipofika kwetu akamwuliza mama kwa Kiingereza anajisikiaje. Mama Furaha akamjibu, "Fine, fine, thank you, my daughter."

Muuguzi akaanza kwenda kwa mwingine.

Vijana, miaka minne nimemsikia mwanamke yule akililalamikia jua kwa kuchomoza. Siku moja tu tuliyohitaji malalamiko yake, hana.

"Mama, please," Furaha akamnong'oneza. "Lalamika kidogo!"

"Juu ya nini, mpenzi? Banatusaidia muzuri."

"Lia basi!"

"Nitalia nini na siumwe?"

Furaha akamkimbilia muuguzi, akamshika mkono, akamweleza kwa Kizulu, na niliona anaonyesha: paja, nyonga, shuka iliyolowa. Muuguzi akageuka. Uso wake ulibadilika mara moja. Hakuuliza karatasi, hakuuliza tunatoka wapi. Akapiga kelele kuita kitanda, na wakamkimbiza Mama Furaha kupitia milango miwili, akiwa bado anawaaga watu njiani.

Daktari alitueleza baadaye kwamba kitu katikati ya mifupa kilikuwa kimetoka na kuibana mishipa ya miguu, na kwamba watampasua. Akasema tumefanya vizuri kuja, lakini hawezi kutuahidi. Tukakaa kwenye viti vya plastiki. Furaha aliegemea bega langu. Kuna wakati akaniambia, "Najua ni vibaya. Lakini nilimpenda sana huyu wa leo." Nikamwambia si vibaya. Hata mimi nilimpenda, na alinitia hofu kuliko wale wa barabarani.

Siku zilizofuata sikuchua mtu. Nilijaribu, mikono ilikuwa inasita juu ya ngozi kama ndege asiyetaka kutua. Na gumba lilikuwa linapwita mchana na usiku. Nikajua kazi imefika mwisho wake. Si kwamba nilikosea. Nilikuwa nimeona jinsi kosa linavyoweza kuja limevaa kitambaa kizuri na kusema karibu dada.

Furaha alinipigia simu mji ulipotulia. Hakusema habari za asubuhi. Aliweka simu karibu na kitanda, nikasikia:

"—na hii uji, nani amepika hii uji, adui yangu? Na huyu mutu wa kando anakoroma kama jenereta! Furaha, toa huu muguu hapa, inawaka, inawaka moto, ah! weye mutoto, si nimesema taratibu!"

Niliketi chini sakafuni, simu sikioni, nikalia.

Unyayo wa kushoto haukurudi wote. Hakuweza tena kupanda ngazi za nyumba yao ya Bellevue, kwa hiyo Furaha alitafuta, akapata nyumba ya chini huko Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Mimi nilikuwa nimekwisha funga begi. Sikuwa na mpango. Nilifikiria Durban, au Maputo, au popote basi litakapokuwa linakwenda. Nikasema nipitie kwanza kuwaaga.

Mama Furaha alikuwa kibarazani na mkongojo wake, cherehani mbele yake, anapigana na kitambaa. Aliniona mbali.

"Unatembea kama unahesabu mawe! Chakula imepoa. Na hii nyumba iko na panya, na ile bomba inavuja, na jirani anapiga miziki ya shetani." Akanitazama begi. Akatazama sufuria inayoning'inia. Kisha akaacha kushona.

"Kidole yako imekuuma."

"Hapana, nilikuwa tu—"

"Nyamaza. Miaka yote niko kwa hiyo kitanda yako kichwa chini, unafikiri sioni? Naona miguu yako. Kila wakati unatumia kiwiko, wiki inayofuata hauko. Umeenda Pretoria, umeenda wapi, umerudi. Miye nikiumwa napiga kelele. Weye ukiumwa unafunga begi."

Nilisimama kwenye ngazi ya kibaraza. Nilikuwa nimewauliza watu wangapi swali lile la Papa Kine? Na mimi nilikuwa sijawahi kulijibu hata mara moja.

"Inafanya nini?" akaniuliza.

Nikaweka begi chini. "Inapwita," nikasema. "Halafu asubuhi inachoma mpaka kwenye kifundo. Na nikishika kikombe inakata."

"Mm." Akageuka akaita ndani, "Furaha! Toa vitambaa kwa ile chumba ya nyuma, Mama Tanga analala hapa." Akarudi kwenye cherehani yake. "Na usiniambie godoro ni mbaya. Najua ni mbaya. Hata miye nililalamika."

Godoro lilikuwa baya kweli. Nikamwambia.